Ukurasa Mtupu na Maji ya Uluguru

Mwishoni mwa muhula uliopita nilikwenda kwenye duka moja la steshenari hapa Morogoro mjini nikiwa na kabrasha la kurasa 36, kazi ya miezi mitano ya wanafunzi wangu na mimi. Kijana wa dukani alifungua faili kwenye kompyuta, akatazama ukurasa wa kwanza, wa pili na wa tatu, kisha akageuza kiti chake na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya msiba: "Mwalimu, hii itoke hivi hivi ilivyo?" Nilipomjibu kwamba ndiyo, akapiga hesabu. Kwa rangi, shilingi 500 kila ukurasa, kabrasha moja lingegharimu shilingi 18,000. Kwa wino mweusi, shilingi 100 kila ukurasa, lingegharimu 3,600. "Lakini kwa nyeusi," akaongeza, "sikuahidi kwamba patasomeka."

Tulihitaji makabrasha 12. Nilichagua nyeusi, nikajutia uchaguzi wangu siku nne baadaye, na ni majuto hayo yanayonifanya niandike leo juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa haraka litaonekana dogo mno kwa ukumbi huu: namna ukurasa wa karatasi unavyopambwa au kuachwa bila pambo.

Kabrasha lile lilikuwa mchezo. Wako wasomaji wangu, hasa walio maofisini, watakaojiuliza mhadhiri mzima ana shughuli gani na michezo, kwa hiyo nieleze. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walichapisha mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons, ambao wachezaji huketi mezani, kila mmoja akivaa nafsi ya mhusika iliyoandikwa kwenye karatasi iliyo mbele yake. Mmoja wao husimulia hali, wengine huamua watafanya nini, na dadu huamua kama wamefaulu. Toleo la kwanza lilikuwa nakala 1,000 tu, vijitabu vitatu vidogo ndani ya kisanduku, na michoro ambayo mwanafunzi wa sekondari mwenye mkono mzuri angeweza kuichora. Leo vitabu vya mchezo huohuo ni vikubwa, vimejaa rangi, na chini ya maneno ya kila ukurasa imelazwa rangi ya ngozi ya kale iliyochakaa. Vijana wa mataifa mengi wanaobuni michezo ya namna hiyo na kuisambaza kwa faili za kuchapwa nyumbani wamerithi mtindo huo pamoja na kasoro yake: pambo lililobuniwa kwa ajili ya mtambo wa kiwanda huishia kwenye printa ndogo yenye wino wa kubahatisha.

Hata hivyo sisi hatukuanzia Marekani. Tulianzia Usangu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha East Anglia cha Uingereza, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo hapa Morogoro, walikuwa wakishughulikia mgogoro wa maji ya Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 ulikuwa ukikauka wakati wa kiangazi kabla ya kufika kwenye hifadhi ya taifa inayobeba jina lake. Bruce Lankford alibuni mchezo wa bonde la mto: ubao mrefu ulioinamishwa, mto umechorwa juu yake, na gololi za kioo zikiporomoka kutoka juu kama maji. Wakulima walipewa vijiti vidogo kuwa mabanio ya kukingia gololi ziingie kwenye mashamba yao. Wa juu walikinga, wa chini wakabaki wakitazama ubao mkavu. Kisha wakabadilishana nafasi. Mtu aliyekuwa akikinga bila kufikiri akajikuta amesimama mwisho wa ubao akisubiri gololi isiyokuja, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli yalipoanza.

Jambo ninalolipenda zaidi katika ubao ule ni kwamba haukuwa na maelezo marefu wala pambo. Ulifanana na bao letu, ambalo ni safu nne za mashimo manane na kete 64. Fundi wa Zanzibar atakuuzia la kuchongwa kwa nakshi mpaka miguuni, nawe utaliweka sebuleni. Lakini mchunga ng'ombe akiyachimba mashimo 32 ardhini chini ya mwembe, mchezo ni uleule, kichwa ni kichwa, kimbi ni kimbi, na nyumba ni nyumba. Hakuna bingwa wa bao aliyewahi kushindwa kwa sababu ubao ulikuwa wa udongo.

Sisi tulitaka mchezo wa namna hiyo kwa ajili ya mto wetu. Ruvu huanza kwenye Milima ya Uluguru, hukusanya maji ya Mfizigo, Mgeta na Ngerengere, kisha huyapeleka kwenye mitambo inayohudumia sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mnamo Oktoba 2022, mto ulipopungua na jiji likaanza kupewa maji kwa mgawo, watu wa mjini walijifunza kwa siku chache jina la mto wanaounywa, na lawama zikapanda mlimani haraka kuliko basi la Matombo: wakulima wanachepusha, wafugaji wanaharibu vyanzo, misitu imekwisha. Sisemi kwamba lawama zote ni za uongo. Nasema kwamba katika mjadala ule wote sikusikia hata mara moja sauti ya mkulima wa Mgeta au Kinole akieleza anapata nini kwa kuyaacha maji yapite. Bwawa la Kidunda linajengwa sasa huko chini ya mto, nalo litahifadhi maji, lakini halitajibu swali hilo.

Mchezo wetu, basi, ulikuwa na wahusika watano: mkulima wa mboga wa Mgeta, mwenye shamba la migomba wa Kinole, mfugaji wa kando ya Ngerengere, afisa wa bodi ya maji ya bonde, na mama wa Dar es Salaam anayenunua maji kwa madumu. Kila mhusika alikuwa na karatasi yake: anataka nini, anaogopa nini, ana kete ngapi za maji, na mahali pa kuandika ahadi alizotoa na alizopewa. Kwa kete tulitumia komwe. Kila mzunguko ulikuwa mwezi mmoja, na dadu ilikuwa mvua.

Sasa nifike kwenye pambo. Ofisi moja iliyojitolea kusaidia uchapaji, ambayo sina sababu ya kuitaja, iliomba faili letu ili "liboreshwe." Lilirudi baada ya wiki tatu likiwa limevishwa kama bwana harusi. Kila ukurasa ulizungushiwa fremu ya majani ya kijani. Chini ya maneno ililazwa picha ya maporomoko ya maji, imefifishwa kidogo. Vichwa vya habari viliandikwa kwa herufi nyeupe juu ya mkanda wa kijani kibichi. Juu kabisa zilipangwa nembo tano, na kwa kuwa nembo zinahitaji nafasi, mahali pa mchezaji kuandika ahadi zake palipunguzwa kutoka mistari kumi hadi miwili. Fedha za kuchapa rangi, hata hivyo, hazikupatikana. Zilikuwa zimekwisha kwenye ubunifu wa rangi zenyewe.

Mtu ambaye hajawahi kusimama mbele ya mashine ya duka la steshenari hajui kinachotokea baada ya hapo. Mashine ya wino mweusi haina kijivu. Ina nukta nyeusi tu, ambazo huzitawanya zifanane na kijivu. Picha iliyofifishwa hugeuka tope la nukta, na herufi zilizo juu yake hukaa humo kama kokoto mtoni. Herufi nyeupe kwenye mkanda mweusi huzibwa na wino unaosambaa, "e" na "a" na "o" zikawa kitu kimoja. Fremu nayo huwekwa karibu na ukingo, ambako printa nyingi za ofisini haziwezi kuchapa, kwa hiyo hutoka ikiwa na pande tatu. Na hicho ni kivuli cha kwanza. Vijijini karatasi husafiri kwa kivuli cha kivuli: mtendaji hutoa nakala kutoka kwa nakala ya kata, mwalimu hutoa kutoka kwa ya mtendaji, na kila hatua tope huongezeka.

Tulikwenda nalo hivyo hivyo kwenye kijiji kimoja cha tarafa ya Matombo, tukakaa kwenye darasa la shule ya msingi saa tisa alasiri. Watu walikuja wengi kuliko tulivyotarajia, wakagawiwa karatasi, wakazishika kwa ncha za vidole. Mchezo ulikwenda, kwa sababu watu wa huko wanaujua mgogoro wa maji kuliko sisi, lakini kwa karibu saa mbili hakuna mtu hata mmoja aliyeandika chochote kwenye karatasi yake. Kijana mmoja alihesabu kete zake kwa kuchora mistari ya chaki juu ya dawati. Mwingine aliandika ahadi aliyopewa kwenye kiganja. Mama mmoja alikunja karatasi yake kwa uangalifu, akaifunga kwenye pindo la kanga, na tulipomaliza akaniuliza kama anaruhusiwa kwenda nayo nyumbani akaibandike ukutani.

Nilifurahi kwa nusu dakika. Kisha nikaelewa alichokuwa akiniambia. Karatasi ile ilikuwa imekwisha kamilika kabla haijamfikia. Ilikuwa picha, na picha huandikwi juu yake, ukiandika, umeiharibu. Tulimpa mtu mhusika wa kuigiza, tukamnyima kalamu.

Niliporudi chuoni niliwaambia wanafunzi waivue yote. Ondoeni majani, ondoeni maporomoko, ondoeni nembo, hata ya kwetu. Wakafanya hivyo kwa hamasa ya vijana waliopewa ruhusa ya kubomoa. Toleo la pili lilikuwa safi: herufi nyeusi, majedwali yenye mistari iliyonyooka, namba ya kadi pembeni juu, sehemu ya jina, sehemu ya tarehe, sehemu ya kusaini mwafaka mwishoni. Kurasa zilipungua kutoka 36 hadi 14. Kijana wa steshenari alitabasamu. Nilikwenda Matombo mara ya pili nikiwa na uhakika wa mtu aliyekwisha andika hitimisho la makala yake.

Mzee mmoja aliyeketi mbele aliitazama karatasi ile, akaiweka juu ya dawati, akaiondolea mikono yake akaiweka magotini. Akasema, "Mwalimu, mwanangu, hapa nikisaini nitakuwa nimekubali nini?"

Nilimweleza kwamba ni mchezo. Akasema ameelewa kwamba ni mchezo, na mchezo ni mzuri, lakini yeye ataigiza kwa mdomo.

Wanaoijua historia ya milima hii hawatashangaa. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza ilianzisha Uluguru mpango wa matumizi ya ardhi uliowalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko kwa jina la kuhifadhi udongo na maji. Matuta yalihitaji kazi nyingi, mahali pengine yalifukua udongo usiozaa na kuufunika ule wenye rutuba, na hayakuzingatia ardhi ya koo ilivyogawanywa. Wasiotii walitozwa faini. Mwaka 1955 watu walikusanyika Matombo kupinga, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akauawa, na mpango ukaachwa. Sijui kama mzee yule alikuwa akiikumbuka siku hiyo au alikuwa akikumbuka jambo la juzi tu, kwa maana karatasi zenye jedwali na sehemu ya saini hazikukoma kuja pamoja na uhuru. Zimekuja na mipaka ya misitu, zimekuja na vipimo vya barabara, zimekuja na orodha za mahudhurio ya semina ambazo baadaye hugeuka kuwa ushahidi kwamba wananchi walishirikishwa. Karatasi nyeupe yenye mistari ina sura yake, na watu wanaijua.

Hapa ndipo nilipolazimika kuacha hitimisho nililokuwa nimekwisha liandika kichwani. Nilidhani ninachagua kati ya pambo na kutokuwa na pambo. Kumbe weupe nao ni vazi. Ni sare ya ofisi. Tulivua karatasi nguo za mfadhili tukaivika za mtendaji, na katika hali zote mbili mchezaji alijua kwamba karatasi ni ya mtu mwingine.

Wapo watakaosema, na wenzangu wa sanaa wamekwisha nisema, kwamba nawadharau watu wa vijijini: mbona wao wasipate vitu vizuri? Mbona kitabu cha mtoto wa mjini kiwe na rangi na cha mama wa Matombo kiwe kama risiti? Ni hoja nzito, na sitaki kuikwepa. Utamaduni wetu wa Pwani na bara haukuwahi kuogopa nakshi. Misahafu iliyonakiliwa kwa mkono Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilipambwa kwa wekundu na manjano. Lakini angalia pambo lilipokaa. Liko pembizoni, likimwonyesha msomaji mahali juzuu inapoanza, na maandishi yenyewe yameachiwa nafasi ya kupumua. Angalia kanga. Ina pindo, ina mji, vyote vimejaa rangi na maua na korosho, lakini jina limewekewa kisanduku chake na kuandikwa kwa herufi za kawaida ambazo jirani atazisoma kutoka ng'ambo ya uwanja, kwa sababu jina ndilo lililokusudiwa kufika. Hata kadi ya mchango wa harusi, ambayo siku hizi hupambwa mpaka dhahabu inabaki vidoleni, huacha mstari wa ahadi ukiwa mweupe kabisa. Wenye harusi wanajua wanachokitaka kwako.

Kwa hiyo siko upande wa wanaoamini kwamba uzuri ni anasa. Ninachosema ni kwamba pambo linapaswa kuulizwa swali moja la kiutumishi: unamsaidia nani? Majani ya kijani kuzunguka karatasi yetu hayakumsaidia mchezaji kujua zamu yake, wala kuhesabu maji yake, wala kukumbuka ahadi. Yalimsaidia mtu aliyeketi Dar es Salaam, au mbali zaidi, kuona kwamba fedha zimefanya kitu kinachoonekana kwenye picha ya ripoti. Na nembo tano ni lugha kamili. Zinasema mazungumzo haya yana wenyewe.

Toleo la tatu lilitengenezwa na mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili ambaye siku zote hukaa nyuma na kuchora pembeni ya daftari lake wakati ninafundisha, tabia ambayo nimekoma kuikemea. Alichora kwa kalamu nyeusi jembe, mgomba, ng'ombe, muhuri na dumu, kila kimoja kikubwa kama kisanduku cha kiberiti, kwa mistari minene isiyo na kivuli ndani, akaviweka kwenye kona ya juu ya kila karatasi. Hilo lilikuwa pambo pekee, na lilikuwa na kazi: asiyesoma vizuri alijua yeye ni nani kwa kutazama, na walio upande wa pili wa meza walimjua pia. Herufi zilikuzwa mpaka zikasomeka kwenye mwanga wa taa ya sola. Majedwali yaliondoka, ikabaki safu ya viduara vya kuweka komwe. Sehemu ya jina, tarehe na saini zilifutwa. Nusu nzima ya chini ya karatasi iliachwa tupu, bila hata mstari, na kila karatasi ilitolewa pamoja na penseli. Penseli ilikuwa wazo la mwanafunzi mwingine. Alisema kalamu ya wino inamwambia mtu asikosee. Ukubwa wa kadi ulipunguzwa, mbili zikaenea kwenye A4 moja, na kabrasha zima likawa kurasa 8. Kwa shilingi 800 kijiji kinaweza kujitolea nakala yake bila kumwandikia mtu barua.

Tuliongeza pia kadi mbili zisizo na mhusika, zenye kona tupu.

Sitadai kwamba kila kitu kilinyooka. Siku ya tatu mvua ilinyesha kweli, nusu ya wachezaji wakaondoka kuwahi mashamba yao, na mmoja wa wanafunzi wangu akagombana na mfugaji wa kuigiza kana kwamba ng'ombe walikuwa wa kweli. Lakini watu waliandika. Waliandika na kufuta na kuandika tena, wakachora mifereji iliyopo na mingine wanayoitaka, wakaandika upande wa nyuma. Yule mama wa kwanza hakuomba karatasi akaibandike. Aliiacha mezani imechafuka, imejaa hesabu za ndoo. Mzee wa mikono magotini aliigiza afisa wa bodi, akaomba kadi yenye muhuri, akaucheza wadhifa ule kwa ukali uliotufanya tucheke mpaka machozi, akimwambia kila anayemkaribia aje kesho.

Niwaombe watumishi wa umma wanaosoma hapa watoke kidogo kwenye mchezo waje kwenye ubao wa matangazo wa ofisi ya kijiji. Taarifa ya mapato na matumizi inayobandikwa pale ni karatasi ya namna gani? Mara nyingi niliyoyaona ni jedwali lililochapwa kutoka kompyuta ya halmashauri, herufi ndogo kama mbegu za mchicha, safu zenye vifupisho vya wahasibu, nakala ya nakala, imebandikwa juu kuliko kimo cha mtu mfupi. Sharti la kubandika limetimizwa. Kipeperushi cha ziara ya kiongozi kilichobandikwa kando yake, chenye rangi nne na picha tatu, kinasomeka toka barabarani. Hapo pana mitindo yote miwili niliyoikosea Matombo, uliopambwa na mtupu, imebandikwa bega kwa bega, na hakuna hata mmoja ulioachiwa nafasi ya mwananchi kuandika "hizi fedha za bomba zilikwenda wapi?" Jaribuni jambo dogo: robo ya ukurasa iwe tupu, na penseli ifungwe kwa kamba.

Kwa wanaharakati nina neno fupi zaidi. Tumezoea kulaumu serikali kwa karatasi zake kavu huku sisi tukigawa vijitabu vinavyong'aa ambavyo taa ikiviangukia hung'ara mtu asione neno, na ambavyo havishiki penseli hata ukibonyeza. Vinakaa vizuri kwenye mabegi ya semina. Nimevikuta vingi vikiwa vimefunika vibuyu vya maziwa, na siwalaumu waliovitumia hivyo. Ndiyo kazi vinayoiweza.

Na kwa wanafunzi wangu, ambao wataleta rasimu za ripoti ya mchezo huu wiki ijayo zikiwa na majalada ya maporomoko ya maji, kwa maana nawajua: nitazisoma kwenye kivuli cha kivuli.

Limebaki la zile kadi mbili tupu. Ya kwanza ilichukuliwa na msichana aliyechora bomba na kujiita Bomba Lililoharibika, akazunguka meza nzima akidai kete ambazo hakuwa anazifikisha kokote. Ya pili ilikaa katikati ya meza muda mrefu. Kisha mtu mmoja, ambaye mpaka wakati huo alikuwa mtazamaji mlangoni, aliingia, akaichukua, akachora kitu ambacho sikukitambua, akaandika chini yake neno moja: Kingalu. Wasio wa huku wajue kwamba hilo ni jina la kurithi la chifu wa Waluguru wa Kinole, anayesifika tangu zamani kwa mvua. Tulikuwa tumepitia makala, ramani na sheria za rasilimali za maji, tukaandika wahusika watano, na mvua tukaiachia dadu. Yule bwana aliketi, akavuta dadu upande wake, akasema kuanzia sasa wanaotaka mvua wazungumze na yeye kwanza. Mzunguko ule ulikwenda hadi jua likazama, na hakuna aliyeuliza sheria za mchezo zinasemaje.